Kichaka Kisichotunza Siri

Kwanza apa. Weka mkono kifuani useme hutamwambia mtu. Si mume, si dada, si yule jirani yako mwenye masikio marefu. Umeapa? Haya. Ukimaliza kusoma watumie na wale wa kundi la kina mama, lakini nao uwaapishe kwanza, maana mimi sitaki maneno.

Huko juu kwenye mashamba ya majani chai alikuwako mzee mmoja, Arap Terer. Langoni kwake kulikuwa na kichaka cha maua ya njano, kile watu wa huko wanakiita senetwet. Maua yake husimama wima kama mishumaa, na kwenye ncha matumba yake ambayo hayajafunguka ni meusi, utadhani kila mshumaa umevaa kofia. Jioni majani hujikunja yakalala, asubuhi yakaamka. Mbuzi wakipita hapo hugeuza shingo. Na ukilifikicha jani, mkono wako utanuka njugu za kukaanga.

Mzee alikipenda kile kichaka kuliko shamba lake la chai. Mgeni hakuingia kabla ya kuhubiriwa.

"Mizizi yake ukiichemsha ovyo tumbo litakukimbiza, usijaribu," alikuwa akisema. "Lakini kijiti chake! Kijiti chake ndicho kinachotengeneza maziwa. Na nikwambie kitu. Mti huu hautunzi siri. Ukiugusa, utakutaja."

Hapo alisema kweli, maskini, ila hakujisikiliza.

Kazi ya vibuyu ilikuwa ya mke wa mwanawe, Jelagat, msichana mpole aliyeolewa kutoka bondeni. Alichukua kijiti kikavu cha senetwet, akakichoma ncha mpaka ikawa kaa jekundu, akaisugua na kuiponda ndani ya kibuyu. Kisha akakung'uta, akafuta mdomo wa kibuyu vizuri, akamimina maziwa, akafunika na kuyaacha stoo yagande. Yakitoka huwa na rangi ya kijivu kama wingu la mvua, na utamu wake usiniulize, nitameza mate bure.

Sasa shida. Kila kibuyu kilichowekwa stoo kilipungua. Leo kimejaa, kesho kutwa kiko nusu.

Mama mkwe wake, Tapkigen, hakuwa mtu wa kunong'ona. "Jelagat! Kwenu bondeni mlifundishwa kutengeneza maziwa au kuyanywa?"

"Mama, sijayaonja."

"Basi yana miguu?"

Na wakati wenyewe ulikuwa mbaya. Binti wa nyumba hiyo alikuwa karibu kuposwa. Kwa watu hao, mzee wa upande wa wageni ndiye humiminiwa maziwa ya kwanza, tena kutoka kibuyu kilichojaa. Ukimpa nusu ni kama umemwambia, tumekuwekea makombo. Posa inaweza kuvunjika hapo hapo.

Tapkigen akasema mbele ya watu wote wa boma: "Kibuyu cha wageni kikipungua, wewe Jelagat utarudi kwa mama yako ukafundishwe upya."

Jelagat akainamisha kichwa. Mzee akakohoa. Akatoka nje kwenda kutazama maua yake.

Ulikuwa hujaambiwa hili: daktari alikuwa amemkataza mzee maziwa yenye mafuta, na Tapkigen alilishika neno la daktari kuliko daktari mwenyewe. Mzee alipewa chai ya rangi asubuhi, mchana na jioni. Alikuwa anatia huruma.

Jelagat akakata kijiti kingine langoni. Akachoma, akaponda. Ila safari hii hakukung'uta, wala hakufuta mdomo wa kibuyu. Akaupaka masizi mpaka ndani ya shingo, akamimina maziwa, akafunika.

Siku ikafika. Turubai likafungwa, wageni wakakaa, kofia magotini. Mzee mwenye boma peke yake ndiye hakuonekana.

"Anavaa," akasema Tapkigen. "Mzee wangu huyu, kuvaa suti ni kama kuvisha ng'ombe." Akaingia stoo kuchukua kibuyu.

Akatoka akikitikisa. Kibuyu kilikuwa chepesi.

"Jelagat!" Alisahau wageni, alisahau adabu. "Umenivua nguo mbele ya wakwe! Funga mizigo yako!"

Wageni wakaanza kutazamana. Mzee wao akaiokota fimbo yake.

Hapo ndipo Arap Terer alipotokea upande wa stoo, suti imenyooka, kofia kichwani, kitambaa mkononi. Maneno yalimchoma, nadhani, maana alikuja mbio kidogo. Akainua mkono kama hakimu.

"Mwacheni mtoto wa watu!" akasema kwa sauti kubwa. "Huenda ni paka!"

Watu wote wakamgeukia.

Midomo yake ilikuwa imezungukwa na duara jeusi kama mdomo wa sufuria. Alikuwa amejifuta kwa kile kitambaa, na badala ya kutoka, masizi yakapanda mpaka sikioni. Meno yake yalikuwa meusi kama maganda makavu ya senetwet.

Mzee wa wageni akamtazama kuanzia kofia mpaka viatu. Kisha akasema taratibu, "Mzee mwenzangu, paka wako amevaa suti."

Turubai zima lililia kwa kicheko. Mtu mmoja alianguka na kiti chake. Jelagat akaingia nyumbani kwake, akatoka na kibuyu kingine kilichojaa mpaka mdomoni, kisafi, kimefutwa, akakipeleka mbele ya mzee wa wageni na kupiga magoti. Fimbo ikarudi chini. Tapkigen akavua leso yake mpya mabegani, akamfunika nayo mke wa mwanawe mbele ya wote.

Na Arap Terer? Alikuwa amerudi nyuma mpaka langoni, kitambaa cheusi mkononi, maua ya njano juu ya kofia yake, akitafuta pa kuuficha mdomo asipaone.

Funzo: Ukimwona asiye na kosa akibebeshwa mzigo wako, fungua mdomo mapema; ukingoja, utaufungua mbele ya wageni, nao utakutaja wenyewe.