Mtoto wa Mashine ya Kushoto

Wewe, kama mwanao angezaliwa salama kwa sababu ya mashine, ungempa jina la nani: la aliyeifufua mashine, la aliyeitoa, au la aliyeiendesha? Usijibu haraka. Watu wa Kabeho walijibu haraka, na mpaka leo hawaelewani.

Hapo zamani, si zamani ya sungura na fisi, zamani ya juzi tu, palikuwa na kijiji kando ya Ziwa Tanganyika kikiitwa Kabeho. Barabara ilifika mlima wa nyuma yake, ikautazama, ikakata tamaa. Mgonjwa wa Kabeho njia yake ilikuwa maji. Kwa hiyo zahanati ilikuwa na boti ya mbio, yenye injini mbili za dizeli tumboni. Zikafa zote mbili. Boti ikavutwa mchangani, ikakaa mwaka mzima, kuku wakataga ndani yake. Mwaka huohuo mama mmoja, Kashindi, alishikwa na uchungu, wakampeleka kwa kasia, na mtoto wake akafia njiani.

Baada ya maziko watu wengi walilia. Watatu walifanya kazi.

Wa kwanza alikuwa fundi Lubunga. Alisema, "Maiti mbili zinaweza kutoa mzima mmoja." Akazifungua zile injini mpaka nati ya mwisho. Akachukua bloku ya hii, kichwa cha ile, pistoni nne zilizo afadhali, akatia ringi na gasketi mpya. Miezi mitatu, mikono myeusi hadi viwikoni. Lubunga hakujaliwa mtoto, na watu wakapata la kucheka, maana kila jioni alikuwa akileta habari za injini: "Leo imekohoa." "Leo imepiga chafya." Siku ilipowaka alikaa chini akalia, na hapo hakuna aliyecheka.

Wa pili alikuwa Bwana Gwasa, mvuvi wa dagaa. Alisema, "Injini moja haiwezi mawimbi ya pale rasini, njia ya hospitali." Akang'oa injini ya boti yake mwenyewe, ya aina moja na zile za zahanati, akaitoa bure. Ilikuwa ya kijani, kwa sababu vyote vya Gwasa vilikuwa vya kijani: mlango, baiskeli, hata mpini wa jembe. Msimu mzima aliona wenzake wakivua, yeye akala dagaa wa kununua. Alitoa kwa moyo wake wote, na alilitangaza jambo hilo kwa mdomo wake wote.

Wa tatu alikuwa Bi Mwanvita, nahodha wa boti. Injini zilipokwisha kukalishwa, ya Lubunga kushoto, ya Gwasa kulia, kamati ya zahanati ilitaka boti iondoke siku hiyohiyo, kwani mgeni rasmi alikuwa njiani. Tena kamati ilikuwa imeagiza injini zote zipakwe rangi ya kijivu, "mgeni asije akadhani tumeokoteza." Walikuwa wameokoteza! Lakini kamati ni kamati.

Bi Mwanvita alisema, "Boti juu ya magogo ni mtu aliyesimama. Boti majini ni mtu aliyelala, mgongo wake si uleule. Shafti ya kuzungusha pangaboi mliyoinyoosha nchi kavu mtaikuta imepinda majini. Ikae majini siku mbili ndipo tufunge bolti za mwisho."

"Na mgeni, Bi Mwanvita?"

"Kwani mgeni anazaa leo?"

Akaondoka na ufunguo. Mgeni rasmi akakata utepe wa boti iliyofungwa kamba, akapigwa picha ameshika usukani, akahutubia juu ya mwendo kasi. Siku ya tatu shafti zikapimwa upya, zikakutwa zimepinda kweli, zikanyooshwa. Wakaizungusha boti ghubani kwa dakika kumi. Safi kabisa. Watu wakapiga vigelegele, wakaenda kula.

Haikupita miezi mingi Kashindi akashikwa tena na uchungu. Muuguzi akampapasa, akasema, "Mtoto amekingama tumboni. Hospitali kabla ya adhuhuri, au tusahau."

Wakaondoka, Bi Mwanvita kwenye usukani, Lubunga chini kwenye injini. Pale rasini mawimbi yalikuja kama kuta, na injini mbili zikayapasua. Saa moja mbele, injini ya kulia, ya Gwasa, ilianza kulegea. Ikakohoa, ikazima. Lubunga aliipiga stata mara saba; ilikuwa ya moto na haikujibu. Ikabaki ya kushoto peke yake, ikiisukuma boti upande, na boti ikataka kugeuka kulia kama punda anayekumbuka nyumbani. Bi Mwanvita aliukaza usukani kushoto saa mbili nzima, bega likavimba likawa kama boga. Wakafika. Kashindi akapasuliwa. Mtoto wa kike, akalia kabla hajaguswa.

Sasa sikiliza desturi ya Kabeho. Mtoto aliyevuka taabu hupewa jina la aliyemvusha, na mwenye jina huwa mzazi wake wa pili mpaka kaburini. Jina hutolewa siku kitovu kinapodondoka, kabla jua halijazama. Likizama, mtoto huhesabiwa kuwa hana aliyemvusha. Kashindi, aliyekwisha kuzika mmoja asiye na jina, hakutaka mchezo na jua.

Kitovu kikadondoka. Wakaja watatu uani kwake.

Lubunga akasema, "Injini iliyofika ni yangu. Ya kijani ilizima, ya maiti ikafika. Mtoto ni Lubunga."

"Msichana aitwe Lubunga?" akauliza Gwasa.

"Jina halivai sketi."

Gwasa akasema, "Bila injini yangu msingevuka rasi, mngekuwa chakula cha migebuka. Tena misimu sita imenivulia haijazima hata siku moja! Nimewapa nikabaki maskini. Mtoto ni Gwasa."

Kashindi akamgeukia Bi Mwanvita. "Na wewe, Shangazi?"

Bi Mwanvita alikuwa na bega limefungwa kanga. "Mimi ningeweza kusema shafti, ningeweza kusema usukani. Lakini kwanza nina swali. Bwana Gwasa, misimu sita haijazima?"

"Hata mara moja."

"Hata ikipata moto?"

"Hata ikichemka chai."

"Jana niliziosha injini kwa petroli. Ya kulia, chini ya kijivu ni kijani kila mahali, ila pampu ya dizeli. Pampu yake chini ni nyeusi. Nikaenda ya kushoto, nikaisugua pampu." Akafungua kiganja. Kilikuwa na kipande cha rangi, kijivu upande mmoja, kijani upande wa pili.

 Gwasa akakitazama kile kipande, akamtazama Lubunga. "Fundi. Sema si wewe."

Lubunga alitazama mikono yake.

"Injini ilikuwa nzima, ila pampu," akasema. "Pampu zote mbili za zamani zilikuwa zimekwisha. Zikiwa baridi zinafanya kazi, zikipata moto zinalegea. Ningesema, kamati ingeagiza mpya, na mpya ingechukua miezi minane. Nilimwangalia Kashindi, tumbo lilikuwa limeshaanza kuonekana. Nikanyamaza."

"Hapo sijakulaumu," Gwasa akasema. "Pampu mbovu ilikuwa kwenye injini yako. Ungeiacha hukohuko. Yako ingezima, yangu ingefika. Mtoto angezaliwa vilevile."

"Angezaliwa vilevile," Lubunga akakubali.

"Basi kwa nini?"

Mtoto akapiga chafya. Lubunga akamtazama, ndipo akajibu.

"Kwa sababu ingekuwa yangu iliyozima. Nilikupokonya pampu yako, Gwasa, siku ya kupaka rangi, mkiwa mmekwenda kupokea mgeni. Niliiba ili mtoto wangu asife tena mbele za watu. Nimeiba. Ndiyo, mimi."

Kivuli cha ukuta kilikuwa kimeshafika miguuni pa Kashindi. Mwili ulioifikisha boti ulikuwa wa Lubunga, moyo uliokuwa ndani yake ulikuwa wa Gwasa, na bega lililowafikisha wote lilikuwa la Bi Mwanvita. Na uongo wa mwizi ndio ulioishusha boti majini kwa wakati, na uongo huohuo ndio uliompakiza mzazi pamoja na pampu mbovu bila kumwambia.

Jua halingoji, wala Kashindi hawezi kungoja. Haya, wewe uliyekuwa na haraka ya kujibu: mtoto aitwe nani?