Siku Nasikiwa Alipokataa Kuapa

Ulimi wa kuazima hauli kiapo. Mmeisikia redioni, sasa mnanizonga: "Bibi, kwani ulimi nao huazimwa?" Huazimwa, wajukuu zangu! Na mimi nilikuwepo methali hii ilipozaliwa. Sogeeni. Ilianza hivi.

Nilikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu cha serikali. Siku hizo chuo kilikuwa na tamko lake la usawa. Kila aliyetaka kusoma au kufundisha pale aliweka mkono kifuani mbele ya kamati na kusema, "Naamini kwa moyo wangu wote usawa kama unavyoelezwa na chuo hiki." Asiyesema hapokelewi. Sisi wanafunzi tulilikariri kama wimbo wa mchakamchaka, na tulipokwisha kupokelewa tukalisahau.

Ikatokea nafasi ya kufundisha magonjwa ya mifugo. Waliobaki kugombea walikuwa wawili: Daktari Kahemela, kijana mtanashati, na Daktari Nasikiwa, mama wa Kipare aliyezunguka miaka mingi kwenye maboma ya wafugaji, akiwabembeleza wazee wawaache binti zao wasome. Usaili ulifanyika ukumbini, na wanafunzi tuliruhusiwa kusikiliza. Tulijaa hadi madirishani!

Kahemela akatangulia. Alilisema tamko kwa sauti tamu, machozi yakimlengalenga. Tukampigia makofi. Kisha Nasikiwa akafundisha somo lake la majaribio, nasi tukamfurahia mno. Lakini alipoambiwa aseme tamko, alitikisa kichwa.

"Hilo sitalisema."

Mwenyekiti, Profesa Lutengano, akavua miwani. "Hutaki usawa, Daktari?"

"Nautaka, na nimeuhangaikia juani. Niulizeni nimefanya nini na ninafikiri nini, nitajibu mpaka mchoke. Lakini imani yangu msinitungie maneno. Leo mmetunga ninayoyapenda. Kesho mwingine atakalia kiti hicho, atunge mengine. Nayo niyaseme?"

"Basi umejitoa mwenyewe."

Nasikiwa akaanza kukusanya vitu vyake. Alivikusanya polepole, maana kazi ile aliitaka kweli. Kelele zikapanda. Huku "Aondoke!", kule "Mwacheni!"

Hapo akainuka Profesa Sichalwe, mama wa makamo, mjumbe wa kamati. Yeye ndiye aliyelitunga tamko lenyewe. Tukasema, Nasikiwa kwisha! Kumbe mama yule alimgeukia Kahemela.

"Mwanangu, kamati ikilibadili tamko mchana huu, likasema kinyume kabisa, utaapa?"

Kahemela hata hakufikiri. "Nitaapa, mama. Lolote litakalopendeza chuo."

Lo! Vicheko vilivyolipuka, nilidhani paa linaruka! Kahemela akatazama huku na huku, hajui alipokosea. Profesa Sichalwe hakucheka. Aliwageukia wenzake.

"Maneno haya niliyatoa moyoni mwangu. Huyu ameyaazima tu, na kesho ataazima mengine. Ulimi wa kuazima hauli kiapo! Lifuteni tamko langu."

Kamati ikabishana hadi jua likapinda. Mwishowe tamko likafutwa, kwa walimu na kwa wanafunzi. Wagombea wakaulizwa maswali upya, kila mmoja akajibu kwa maneno yake, na kazi akapewa Nasikiwa. Tulimsindikiza hadi getini kwa vigelegele.

Haikuishia hapo. Mwaka uleule Profesa Sichalwe alipeleka pendekezo lake jipya la usawa kwenye baraza la walimu. Wa kwanza kunyoosha mkono kulipinga, nani kama si Nasikiwa! Alisema nia ni njema ila njia ni mbovu. Wakabishana mpaka sauti zikakauka.

Nilimkuta Profesa Sichalwe nje ya baraza, anakunywa maji huku akitabasamu.

"Mama, pendekezo limepita?"

"Limeanguka, binti yangu. Kura chache tu ndizo zimeniunga mkono." Akafuta midomo, macho yakimng'aa. "Lakini wale walionyoosha mikono kuniunga leo, wale ni wangu kweli!"

Basi, wajukuu zangu, mkiisikia tena msicheke: ulimi wa kuazima hauli kiapo.