Mchinjaji Aliyekivalisha Kisu Chake

Sogeeni mbele jamani. Ninyi wa mlangoni mvua inawarukia, na huku mbele pana nafasi ya watu kumi. Mnaniogopa? Leo sina maneno marefu. Nina habari ya mtu mmoja na kisu chake, nikimaliza tunaswali alasiri yetu.

Mtu mwenyewe nimemtunga, kwa hiyo msianze kutazamana. Alikuwa mchinjaji wa kijiji. Harusi, akika, hitima, Idi, watu walikwenda kumpigia hodi alfajiri wakamwambia, "Mzee, unasubiriwa." Neno hilo alilipenda kuliko ile shingo ya ng'ombe aliyopewa baada ya kazi. Maana mkewe alishafariki, binti yake aliolewa mbali, na nyumba yake ilikuwa na vyumba viwili, kimoja hakifunguliwi wiki nzima. Mtu anayeishi hivyo, sauti ya hodi kwake ni kitu gani? Ninyi mliojaza watoto nyumbani mpaka mnakimbilia barazani kupumzika, hamwezi kujua.

Basi akahamia bwana mmoja pale karibu na barabara, mtu mzima, mcha Mungu, naye anajua kuchinja. Ana pikipiki. Watu wakaanza kumwita yeye. Hawakumtukana mzee wala hawakumfukuza. Walimwita tu yule aliyekuwa rahisi kumfikia, wakasema mzee naye apumzike kidogo.

Siku moja jirani yake, ukuta kwa ukuta, alikuwa anaoza binti. Mzee aliamka mapema, akaoga, akavaa kanzu, akakinoa kisu chake, akaketi ukingoni mwa kitanda kusubiri hodi. Akasikia fahali anaburutwa. Akasikia watu wanasema shika miguu, shika miguu. Halafu akasikia jina la Mungu likitajwa juu ya yule mnyama, na sauti haikuwa yake. Akavua kanzu, akaikunja, akajilaza tena na kofia yake kichwani.

Mchana aliletewa pilau, limefunikwa vizuri, nyama tele juu. Akampa paka.

Tangu siku hiyo akapunguza kutoka. Swala akawa anaswali nyumbani. Huko msikitini kwao wakasema mguu unamsumbua. Nani alikwenda kumuuliza kama ni mguu? Hakuna. Walisema tu, likapita. Naye akawa anakaa ndani, redio anaiwasha asikie mtu akiongea, taarifa ya habari ikiisha anaizima. Alikuwa mpweke, ndugu zangu, na upweke wake ulishaanza kugeuka hasira.

Kisu chake kilikaa rafuni, kimezungushiwa kitambaa chenye mafuta, pembeni ya kopo la chumvi. Kila akinyoosha mkono achukue chumvi ya mboga, anakiona. Akikiona, moyo unamuuma upya. Ndipo akasema, hiki kisu nitakishonea ala, nikivalishe, nikitundike mbali na macho yangu.

Akaenda kwa fundi viatu kuulizia ngozi. Fundi akamtajia bei. Mzee akageuka aondoke.

"Mzee wangu, si lazima ngozi ya duka," fundi akasema. "Hata ya mbuzi inafaa. Huna nyumbani?"

"Ipo ya Idi. Niliipaka chumvi isioze."

"Basi ioshe sana. Maji matatu, manne, chumvi yote itoke, la sivyo itakula chuma. Ukishaipa umbo la kisu, iache ikauke vizuri, ndani uipake mafuta. Na kisu usikiache humo moja kwa moja. Uwe unakichomoa, unakifuta."

"Kisu chenyewe hakiendi popote."

Fundi akaacha kushona, akamtazama. "Kwa nini hakiendi popote, mzee?"

Hapo ndugu zangu alikuwa amefunguliwa mlango. Mtu amemuuliza, tena kwa upole, na kigoda kitupu kipo pale cha kukalia. Angesema tu, fundi, watu wameniacha. Lakini akasema, "Ngoja niwahi nyumbani." Awahi nini? Nyumbani hakukuwa na mtu wala jambo lililokuwa linamngoja.

Ala akaishona. Mimi nasema alikuwa na mkono mzuri. Ngozi aliikata kwa wembe, akailoweka, akaizungusha kwenye kisu ikiwa bado mbichi, akaibana kwa vibanio vya nguo vya marehemu mkewe. Alipasha moto spoki ya baiskeli akatobolea matundu. Uzi aliufumua kwenye gunia, akaupitisha kwenye kipande cha mshumaa ili usioze, akashona kwa sindano ya magunia, tundu kwa tundu. Mkanda akaukata kwenye tyubu ya lori. Kifungo alikitoa kwenye mkoba wa shule wa binti yake, mkoba ambao kamba zilikatika siku nyingi. Hakutoa hata senti moja mfukoni.

Ila bomba la maji lilikuwa mbali, na ndoo aliyochota ni moja. Ngozi akaisuuza mara moja, akasema inatosha. Mafuta yalibaki kidogo chupani, akaona ayaache ya mboga. Kisu hakiendi popote, mafuta ya nini?

Kazi ile ilimchukua siku nne, na hizo siku nne aliimba kasida peke yake mule ndani kama mtu mwenye wageni. Alipomaliza akaigeuza huku, akaigeuza huku, ikapendeza kweli. Akainua macho apate wa kumwonyesha. Akamwonyesha nani? Aliiweka mezani, akakaa mbele yake, chai ikapoa. Halafu akakitia kisu ndani, akafunga kifungo, akakitundika nyuma ya mlango wa kile chumba kisichofunguliwa. Masika ikaingia, mvua ikanyesha miezi miwili, na mlango ule haukufunguliwa.

Siku moja baada ya adhuhuri akasikia hodi. Akadhani ni ya jirani. Ikapigwa tena.

Alikuwa mama mmoja mjane, mumewe alikuwa rafiki wa yule mzee. Amekuja mbio, kanga moja imebaki begani, nyingine sijui imeangukia wapi.

"Shemeji, njoo na kisu. Ng'ombe wangu amekula maharage mabichi, tumbo limejaa, anakufa. Mwahi kabla hajawa kibudu."

Mnajua maana yake. Akichinjwa yu hai, ni nyama halali, watu watainunua, mama atapata kitu. Akifa mwenyewe ni kibudu, unachimba shimo unafukia. Na yule ng'ombe ndiye mali yote ya mama yule. Alipewa ndama na kaka yake, akamlea miaka mitatu, anamkatia majani kwa mikono yake, ili siku moja aezeke nyumba.

Mzee moyo wake ulijaa. Ameitwa! Akakimbilia kile chumba, akashika mpini, akavuta. Kisu hakikutoka. Akafungua kifungo, akavuta kwa nguvu zote. Ngozi ilikauka ikawa ngumu kama ubao, imekibana, na ndani kutu imeshikana na ngozi.

"Shemeji, anakoroma," mama akaita kutoka nje.

"Nakuja."

Sasa nisikilizeni hapa. Yule bwana wa barabarani alikuwa nyumbani kwake saa ile, kisu chake kikali, pikipiki ipo mlangoni. Ilitakiwa sentensi moja tu. "Shemeji, changu kimekwama, mkimbilie yule bwana." Ilimfika mpaka kwenye ulimi. Mzee aliifikiria akiwa amekalia sakafu, ala kaibana kati ya magoti. Akaimeza. Miezi mingapi amengoja hodi ile, halafu kwa mdomo wake mwenyewe aipeleke kwa yule?

"Nakuja," akasema tena.

Akachukua wembe, akaipasua ala yake kuanzia juu mpaka chini. Kisu kikatoka chekundu, makali yamelika. Akamwagia maji jiwe la kunolea, akanoa, akanoa. Mama akaita mara ya tatu. Akajibu nakuja.

Walipofika zizini, ng'ombe alikuwa amenyoosha miguu. Mzee akapiga magoti akamwekea mkono shingoni, akangoja pumzi. Hakuna pumzi. Mama akakaa chini kwenye tope, hakulia, akawa anamfukuza nzi machoni mwa yule mnyama.

Na mzee, badala ya kuomba radhi, unajua mtu akiaibika hutafuta pa kuegemea, akasema, "Shemeji, na ninyi mmeniacha siku zote hizi. Wewe mwenyewe hujaniita hata mara moja. Kisu kikikaa bila kazi kinakuwa hivi."

Mama akainua uso. "Nikuite uje uchinje nini, shemeji? Tangu rafiki yako afariki, nilikuwa na cha kuchinja?"

Mzee akauliza kwa sauti ndogo, "Na yule bwana? Nyumba yake si iko njiani?"

"Nimempita. Alikuwa barazani, akanisalimu, akaniuliza kuna nini. Nikamwambia nina haraka. Nilisema moyoni, leo nami nina cha kuchinja, nimwite wa kwetu, asione tumemsahau."

Ndugu zangu, ng'ombe yule aliuawa na nini? Wengine mtasema maharage. Wengine mtasema chumvi, na fundi alionya. Mimi nasema palikuwa na nafasi ya kumwokoa hata kutu ikiwepo, nayo ni ile sentensi moja. Mzee aliona uchungu kuitwa kwa mwingine, akaona bora afike amechelewa kuliko asiwe yeye. Na aliyelipa ni mtu pekee katika kijiji kile aliyekuwa anampenda.

Sisi tukivunjwa moyo tunafanya hivyo hivyo. Hatugombani na mtu. Tunanuna, tunaweka mbali kile Mungu alichotupa, tunasema wakinihitaji wanapajua kwangu. Tunakaa ndani tunawahesabu waliotuacha, na katika hesabu hiyo tunamtia hata mtu ambaye hakuwa na kitu cha kutuitia. Huyo anatukumbuka, anangoja siku atakayopata sababu. Siku akija, atukute vipi? Atukute hatushikiki?

Na wewe unayetikisa kichwa, unaona hii imempata mwenzako, je, harusi yako ulipomwacha mzee wa jirani ulimpelekea neno au ulimpelekea sahani? Sahani ni rahisi, unamtuma mtu. Neno ingebidi uende mwenyewe, ukae, akuulize, nawe ueleze.

Nimesema mtu huyu nimemtunga. Ni kweli. Lakini katika safu hizi ipo nafasi ya mtu ambaye zamani alikuwa haikosi swala, na sisi sote tumekubaliana kwamba ni mguu. Mimi ni imamu wenu mwaka wa sita. Nyumba yake naipita kila siku nikija hapa, na sijawahi kupiga hodi. Naona aibu kusema hivyo mbele yenu, lakini ndivyo ilivyo. Tukimaliza kuswali ninakwenda kwake, mvua iache isiache, na anayetaka kufuatana nami anisubiri pale nje kwenye viatu. Simameni, tunyooshe safu.