Amina Aliyoizuia Damari

Paukwa!

Pakawa!

Aa, nyie! Itikieni kama watu waliokula wakashiba. Paukwa!

Pakaaawa!

Haya. Zamani hizo, kabla babu zenu hawajaota meno, kijiji kimoja kilikuwa na wasichana wawili, Zilpa na Damari. Walibatizwa siku moja, katika mto mmoja. Mchungaji akamzamisha Zilpa, chubwi! Akamzamisha Damari, chubwi! Wakatoka wanatetemeka, wakashikana mikono, wakaahidiana: "Ukiomba wewe, nitaitikia mimi. Nikiomba mimi, utaitikia wewe."

Ikawa hivyo. Wakaolewa, wakaitikiana. Wakazika waume, wakaitikiana. Wakaota mvi. Kila Alhamisi asubuhi, kabla ya kwenda shamba, Damari alifika jikoni kwa Zilpa. Mmoja anaomba, mwenzake anajibu: "Amina!" Majirani wakiisikia Amina hiyo walijua uji umeiva.

Sasa, Zilpa alikuwa na mwana mmoja tu, Hezroni. Hezroni akaoa ng'ambo ya mto, msichana ambaye mama hakumtaka. Mama akamfungia mkwewe mlango. Hezroni naye akabeba jembe lake, akaenda kukaa ukweni. Mwanamume, kukaa ukweni! Moyo wa Zilpa ukaungua.

Alhamisi iliyofuata akapiga magoti. "Bwana, mrudishe mwanangu. Lile shamba analolima kule lisimpe kitu. Likauke, aone njaa, akumbuke kwao."

Akangoja Amina.

Jii.

Akafumbua jicho moja. Damari yupo, ameinamisha kichwa, amefunga mdomo.

"Mwenzangu, umepotelewa na ulimi?"

"Ulimi ninao. Isikilize sala yako."

Isikilize sala yako! Zilpa akaona ametukanwa. Alhamisi ya pili, jii. Ya tatu, jii. Mashaka yakaanza kumtafuna, akaamua kumpima mwenzake. Akaombea goti bovu la Damari. "Amina!" Akaombea mvua. "Amina!" Akaombea kikohozi cha mchungaji. "Amina!" Akamwombea hata kuku wake mwenye tabia ya kula mayai. "Amina!" Akaomba Hezroni arudi na njaa yake.

Jii.

Kumbe! Kumbe ni mwanangu, akawaza Zilpa. Huyu hataki mwanangu arudi. Ana nini naye?

Jamani, ukishamshuku mtu, hata akipiga chafya unaona ana hila. Damari akicheka, Zilpa aliona anachekwa yeye. Damari akinyamaza, basi kuna jambo anapanga. Miezi ikapita hivyo. Kisha jirani mmoja, Persisi, yule asiyeweza kulala na neno tumboni, akamnong'oneza: "Mwenzio nimemwona mtoni na kikapu. Kimefunikwa. Anavuka kila Ijumaa."

"Kikulacho ki nguoni mwako," akasema Zilpa, na uji ukamshinda siku hiyo. Miaka yote ile! Pengine ni Damari aliyemtafutia Hezroni yule msichana. Pengine anawaambia kule, msirudi, mama yenu hawatakini. Pengine anaitwa mama, tena kwa jina ambalo ni langu!

Nami nisiwafiche, mahali pake hata mimi ningeshuku.

Ijumaa akamfuata. Mguu pole, mguu pole. Damari akisimama kupumzisha goti, Zilpa anajibanza kichakani. Damari akaingia majini, chubwi, chubwi. Zilpa nyuma yake. Mpaka kwenye shamba la Hezroni, na hapo Zilpa akaganda.

Shamba lilikuwa limekauka. Sehemu kubwa ilikuwa udongo mtupu uliopasuka, na tuta moja moja tu lilikuwa kijani. Damari alikuwa amepiga magoti, goti bovu na goti zima, akitoa marando ya viazi vitamu kikapuni na kuyachomeka tutani. Mke wa Hezroni alimfuata akimwagia maji kwa kibuyu, tumbo lake kubwa, siku zake zimekaribia.

"Damari!" Zilpa akapiga ukelele. "Mwizi wa watoto wewe! Kwa nini huniitikii?"

Damari hakuinuka. Akapangusa mikono kwenye nguo yake.

"Mama Hezroni, dua la kuku halimpati mwewe. Lakini la mama humpata mwana. Si tulifundishwa kwamba wawili wakipatana katika ombi, linapokelewa? Tazama lilivyokauka shamba hili, nawe uliomba peke yako. Je, ningekuitikia?"

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia uisikilize. Ukanuna. Basi kila ulipoomba likauke, mimi nilileta marando."

Zilpa akautazama udongo. Akalitazama lile tumbo. Aibu ikamshika, akalia wazi wazi, shambani, mchana, mbele ya mkwe aliyemfungia mlango. Akaanguka magotini kwenye tuta.

"Bwana, mrudishe..."

Damari kimya.

Zilpa akaanza upya. Neno lile lilikuwa gumu, jamani, gumu kweli. "Bwana, walishe. Hapa hapa walipo."

"AMINA!"

Hezroni akatoka nyumbani mbio na rungu mkononi, akidhani kuna nyoka. Akamkuta mama yake amelowa mpaka kiunoni, amekumbatia miguu ya mkwewe.

Je, Hezroni alirudi kwao? Hakurudi, siwadanganyi. Alizeekea ng'ambo, na Zilpa ndiye aliyevuka mto siku zote, mpaka miguu ikakataa. Damari alishakufa zamani, lakini kijijini kule mtu akiomba mabaya yampate mwenziwe, wazee humwambia: "Hiyo katafute wa kukuitikia kwingine."

Basi lishikeni hili. Rafiki anayeitikia kila usemalo ni mwangwi tu, na mwangwi haujawahi kumpenda mtu. Hadithi yangu naitua hapa chini. Mwenye masikio aibebe.