Mwamuzi wa Sanamu ya Ratemo

"Haifanani nami hata kidogo!" tajiri Ratemo alifoka. "Tuliahidiana, Kerubo. Ukikosea sura yangu, machimbo yako ya mawe ni yangu."

"Basi mzee, tutafute mwamuzi asiyejua ugomvi wetu."

"Mlete yeyote!"

"Niazime koti na kofia. Sanamu isiende uchi mbele za watu."

Ratemo akavua huku akicheka. Kerubo mchongaji akalivika jiwe, akalisukuma kwa mkokoteni hadi nyumbani kwa tajiri, akalisimamisha likiupa mlango mgongo. Akabisha hodi, kisha akamvuta Ratemo wakajificha nyuma ya michongoma.

Mkewe Ratemo akafungua, akashika kiuno mlangoni.

"Wewe Ratemo! Nimekutuma unga tangu asubuhi, unarudi mikono mitupu, halafu unanigeuzia mgongo? Leo utalala na kuku!"