Kwa Nini Barua Zisizotakiwa Huitwa Vikonyo

Sogeeni. Simu zenu ziwekeni mapajani, hazitakimbia. Hapa Kwemtindi mkiletewa barua pepe na mtu msiyemjua, anawauzia dawa ya kuotesha nywele au anawaahidi urithi wa tajiri wa ng'ambo, mnasema "kikonyo hicho" na kuifuta. Neno mmelikuta, mkalichukua, wala hamkuuliza limetoka wapi. Mimi nilikuwepo lilipozaliwa, na leo nawasimulia.

Zamani hizo, si zile za sungura kumdanganya fisi, ni zamani za juzijuzi tu, barua za namna hiyo hazikuwa na jina. Barua ilikuwa barua. Kompyuta yenye mtandao ilikuwa moja mji mzima, pale chuo cha ualimu, nayo ilikuwa na anwani moja ambayo sote tuliiazima. Mwenye dhamana nayo alikuwa Bwana Singano, mtu mpole, shati limepigwa pasi hata siku ya mvua, mwenye adabu zilizopita kiasi. Adabu hizo ndizo zilizotuponza.

Bwana Singano alilelewa kwamba aliyekusalimu humwachi bila jibu. Ilipofika barua ya kwanza ya mwuza dawa za nywele, akaijibu: "Nimepokea barua yako, nashukuru. Sisi huku hatujambo. Nywele tulizonazo zinatutosha. Wasalimie nyumbani." Kesho yake zikaja nyingine, akazijibu zote. Kadiri alivyojibu ndivyo zilivyozidi, kumbe jibu lake ndilo lililowaambia wale watu kwamba huku yupo mtu anayesoma. Yeye akadhani amepata marafiki dunia nzima.

Wakati huo jirani yangu Mwantumu, mshonaji wa sare za shule, alikuwa na binti mdogo, Chausiku. Moyo wa mtoto ulikuwa na tundu. Akivuka ua tu anahema, midomo inageuka rangi ya zambarau. Daktari wa wilaya alikuwa ameiandikia hospitali moja ya mbali inayowatibu watoto wa namna hiyo bure, akatoa anwani ya chuo. Akamwonya Mwantumu kwamba nafasi ikipatikana ijibiwe upesi, vinginevyo nafasi hiyo atapewa mtoto mwingine. Basi kila siku Mwantumu akitoka cherehani anapita chuoni, anabisha hodi, anauliza, "Imekuja, kaka?" Naye Singano anamjibu, "Bado, dada." Na yule mtoto alikuwa akipungua tukimwona.

Siku moja alasiri Mwantumu akamkuta Singano amejishika kichwa. Sanduku la barua lilikuwa limejaa pomoni, mashine inakataa kupokea hata moja zaidi. Alikuwa ameamua kuzifuta zote kwa mpigo.

"Na yangu kama imo?" Mwantumu akauliza.

Singano akasema ameyapitia majina ya waandishi, hakuona jina la hospitali yoyote. Kufungua moja moja ni kazi isiyo na mwisho, mashine yenyewe inakokota miguu. Mwantumu akamwomba asubiri kidogo tu, akatoka mbio.

Mnajua desturi yetu. Pakiwa na harusi, kisamvu huletwa kwa magunia, na hakuna mwanamke anayekichambua peke yake. Hutuma neno, "Njooni mnichambulie," na majirani huja, kila mmoja na ungo wake, kutenga majani na vikonyo, vile vijiti vigumu vya kutupwa. Mwantumu alituma neno hilohilo, bila kueleza zaidi, maana hakuwa na muda. Nasi tukaja na nyungo! Mimi hapa niliingia chumba cha kompyuta na ungo kichwani, natafuta magunia yako wapi.

Alipotueleza, hakuna aliyerudi nyumbani. Tukaketi sakafuni. Singano akawa anatusomea vichwa vya barua, akivigeuza Kiswahili. "Dawa ya kupunguza tumbo." Shangazi Mwanamvua, ambaye mikono yake haikuzoea kukaa bure, akasema, "Kikonyo!" Tukacheka, Singano akaifuta. "Mkopo bila dhamana." Kikonyo! "Hongera, umeshinda gari." Kikonyo! Ikawa kama wimbo, yeye anasoma, sisi tunaitikia, na vicheko juu. Mwantumu peke yake hakucheka.

Ikafika moja isemayo, "Hongera, umechaguliwa." Za hongera tulikwishazichoka. Tukaitikia kwa nguvu, kikonyo! Kidole cha Singano kikaenda kwenye kitufe.

"Ifungue," akasema Mwantumu.

"Dada, hizi za hongera zote ni zilezile."

"Nimewaita mnichambulie, sikuwaita mnitupie. Ifungue, kaka."

Ikafunguka taratibu, mstari kwa mstari. Singano akasoma kimya. Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akasoma tena. Kisha akalitamka jina la Chausiku. Aliyeiandika alikuwa karani wa hospitali, kwa jina lake mwenyewe, ndiyo maana halikutambulika. Nafasi ilikuwepo. Jibu lilitakiwa kabla ya kesho jioni.

Vigelegele vya siku ile sijavisikia tena. Nyungo zilirushwa juu, moja ikamwangukia mkuu wa chuo aliyekuja kuuliza kulikoni. Naye Singano akaketi kuandika jibu refu la shukrani, akawasalimia madaktari, wauguzi na jamaa zao wote, na safari hii adabu zake zilikuwa mahali pake.

Chausiku alikwenda, akatibiwa, akarudi anakimbia. Mwantumu akaupikia mtaa mzima kisamvu cha nazi. Tulipokuja na nyungo zetu kumsaidia, akatuzuia mlangoni. Alikuwa amekichambua chote peke yake, vidole vimekuwa vyeusi. "Nyinyi mlikwishanichambulia," akasema. "Leo ni kula tu." Nilikula nikilia, sioni haya kuwaambia. Mpaka leo namshukuru Mungu kwa mji huu, ambao mtu akiita watu wanakuja hata kabla ya kujua wanaitiwa nini.

Na tangu siku hiyo, barua isiyotakiwa huku kwetu ni kikonyo, na mtu wa Kwemtindi hafuti vikonyo vyake bila kuvipitia kwa jicho. Chausiku sasa ni mke wa mtu, ana watoto, na kisamvu hakipendi hata kidogo. Akikuta kikonyo kimoja sahanini husukuma sahani pembeni. Mama yake huirudisha mbele yake.

"Kula, mwanangu," humwambia. "Hata wewe tulishakuita kikonyo."