Pundamilia na Mlolongo wa Kura

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitikia kivivu, lakini nawapenda hivyo hivyo. Sogeeni.

Hapo zamani za kale, wanyama wala majani walitaka kumteua mmoja wao akagombee ufalme na Simba. Mteule ndiye angeshika pia kisima, na kiangazi kile kisima kilibaki kimoja tu. Mbogo akasema, "Maji ni ya wakubwa." Ngiri akasema, "Maji ni ya wadogo." Pundamilia, mpole wa watu, akasema, "Maji ni ya wote, kwa zamu."

"Kwani wewe ni mweusi au mweupe?" Mbogo akafoka.

"Ndiyo, mzee wangu," akajibu Pundamilia.

Mkewe akamwambia, "Baba Milia, gombea. Sisi si wakubwa wala si wadogo. Wanetu watakufa kwa kiu." Basi akajitosa.

Asubuhi ya kura, Kanga akatangaza, "Wagombea mbele, wafuasi nyuma yao. Pangeni mlolongo!"

Jamani, mazoea yana tabu. Pundamilia kusikia mlolongo, akafanya alivyofanya maisha yake yote: akaenda mkiani. Mkiani kwa Ngiri! Mkewe, shemeji zake na Twiga mmoja mzee wakajipanga nyuma yake.

Kanga akahesabu, akarudia, akarudia tena. "Ngiri amempita Mbogo kwa watatu. Pundamilia hana hata mmoja."

Wanyama wakacheka mpaka wakakaa chini.

"Baba Milia, wewe ni mgombea," mkewe akanong'ona. "Twende mbele."

Pundamilia akatazama. Wakiondoka wao, Mbogo ameshinda na kisima kimekwenda. Moyo ulimuuma, maana ufalme alikwisha kuuota.

"Ngiri ndugu yangu," akaita, "nitabaki mkiani kwako. Lakini sema maneno yangu, wote wasikie."

Ngiri akamtazama Mbogo, akageuka kutazama mkia wa mlolongo wake. "Maji ni ya wote."

"Malizia."

"Kwa zamu."

Ugombea wa Pundamilia haukufika adhuhuri. Ngiri naye alikwenda kwa Simba akabwagwa, hilo mnalijua. Lakini kisimani zamu ilibaki. Jioni ya siku ile ya kura wanyama walijipanga, wakubwa kwa wadogo, na hakuna aliyemshukuru mtu. Pundamilia alisimama wa mwisho, akiwatazama wanawe wakinywa.

"Mume wangu," mkewe akasema, "leo hapa mkiani ndipo mahali pako."

Hadithi yangu imeishia hapo. Mwenye kiu akanywe, ila amtangulize mwenzake.